Jinzi haifi kwa uzi wa fundi, inafia msambani na kwenye beseni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nami nitoe dukuduku langu, maana kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa akilalamika kwamba jinzi za siku hizi hazina maisha, unanunua leo, hujakaa sawa imeshachanika katikati ya miguu, alafu mwisho wa barua yake akatugeuzia kibao sisi mafundi cherehani, eti tunatia viraka kwa uzi mbovu makusudi ili mteja arudi tena. Sasa mi ni fundi, kibaraza changu kiko Ilala, sio mbali na soko la Karume, na kazi inayonipa ugali kuliko zote sio magauni ya harusi wala sare za shule, ni jinzi za mtumba, kupunguza kiuno, kukata chini, kubadilisha zipu na kutia kiraka msambani. Kwahiyo huyo ndugu naomba nimjibu, na simjibu kwa hasira, ila hapo kwenye uzi aligusa penyewe.

Nianze na pale alipo na haki. Kitambaa kweli kimebadilika. Jinzi za zamani zilikuwa pamba tupu na nzito, ukiivaa mpya inakukatalia kila mahali mpaka ikuzoee, ila siku hizi nyingi, hasa za kina dada, zimechanganywa na ule uzi wa kuvutika unaoandikwa kwenye lebo elastane au spandex, uzi uliobuniwa Marekani kwenye kampuni ya DuPont mwaka 1958, na wala hauhitajiki mwingi, asilimia 2 tu kwenye pamba asilimia 98 inatosha suruali ikavutika ukiinama na ikarudi ukisimama. Raha yake utaijua ukikaa nayo kwenye daladala kutoka Mbagala na foleni ya jioni. Ubaya wake ni kwamba ule uzi hauelewani na moto wala jiki, na ukishakufa hamna wa kuufufua, ndo unaona jinzi imetoa magoti, makalio yamelegea, wakati pamba yenyewe bado nzima. Na ubaya wa pili ni wa sisi wavaaji, mtu akishajua inavutika ananunua namba ndogo makusudi, anasema itaingia tu. Itaingia kweli, ila kila ukipiga hatua mshono unavutwa huku na huku, na mshono haujui kuvutika kama kitambaa.

Mi jinzi zikiletwa zimechoka, kabla sijaigeuza naweza kukwambia tundu liko wapi. Sio gotini, gotini zinakufa za watoto na za mafundi magari. Ni msambani, pale mishono inapokutana, au pembeni kidogo ya pale kwa ndani ya paja, kwa wanene na wembamba, kwa mabinti na wazee wa heshima ambao wanaileta imefungwa kwenye mfuko mweusi kama wamebeba bangi. Sababu ziko mbili na zote zinaanzia siku ya kununua. Ya kwanza paja limebanwa, kitambaa kimevutwa mpaka mwisho, kwahiyo ukichuchumaa siku moja kufunga kamba za kiatu unasikia tu prrr. Ya pili watu hawaitegemei, ni suruali ambayo msamba wake umeshuka chini sana, unaning'inia, hapo kila hatua mapaja yanasugua kitambaa na mguu ukitaka kufunguka unavuta nguo yote. Vijana wa mlegezo ndo wateja wangu wazuri wa aina hii, anashusha suruali kata K mpaka nusu ya makalio alafu anataka kurukia bodaboda, sasa itapona vipi? (Na wazee msicheke sana, maana nyie mlitoka kwenye suruali za kubana mkaenda kwenye bugaluu, na mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulishatangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1969, suruali za kubana zikiwa kwenye orodha ya mavazi yasiyotakiwa pamoja na vimini na mawigi. Kila kizazi na msamba wake.)

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama mtu hana muda wa kusoma barua yote asome hapa tu, ni kwamba jinzi usiinunue kwa kiuno. Nunua kwa paja na makalio na urefu wa kutoka msambani mpaka kwenye kifungo, hivyo vikikaa sawa kiuno niachie mi fundi. Kiuno kinapungua. Paja haliongezeki. Watu wanakuja wanasema fundi niongezee kidogo tu hapa, ukifungua mshono wa ndani unakuta umelazwa na kupigwa mistari miwili, nguo iliyobaki ndani haifiki hata upana wa kidole, nitaitoa wapi ya kuongeza? Labda nikupige mstari wa kitambaa kingine pembeni kuanzia kiunoni mpaka chini, uvae kama mchezaji wa akiba.

Pale sokoni wengi wanapima kwa shingo, unashika kiuno cha jinzi iliyofungwa kifungo unakizungusha shingoni, ncha zikikutana kisogoni muuzaji anakwambia hiyo ni yako kabisa bosi wangu, ilikuwa inakusubiri. Wengine wanaingiza mkono, ngumi mpaka kiwiko vikijaa ndani ya kiuno basi imekubali. Mi sivikatai hivi vipimo, kwa kiuno vinakaribia ukweli kwa watu wengi, ila shingo haijui una paja gani, na ukikutana na jinzi ya kuvutika ukaivuta kidogo tu wakati unazungusha, imeshakudanganya inchi nzima.

Kipimo cha uhakika kiko nyumbani kwako. Chukua ile jinzi moja unayoipenda, kila mtu anayo, ile ambayo ikiwa kwenye maji unaahirisha safari, ilaze kitandani ikiwa imefungwa, pima kiuno kwa futi ya kamba, pima paja inchi moja chini ya msamba, pima kutoka msambani kwenda juu mpaka kwenye ukingo wa kiuno kwa mbele, alafu kwa nyuma, maliza na mguu kwa ndani kutoka msamba mpaka pindo, andika kwenye simu. Sokoni nenda na futi yako, zinauzwa kwa machinga bei ya chini kabisa, ilaze jinzi juu ya mzigo upime vile vile. Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo, atazoea. Usitishwe na namba ya kwenye lebo, kwanza kila kampuni ina 32 yake, nimeshapima 32 ikaja 34 na nikapima 32 ikaja 30 na nusu, pili mtumba umeshafuliwa huko ulikotoka, kama ni kurudi umesharudi, kama ni kulegea umeshalegea. Na hilo kwangu ni sifa ya mtumba, unachokipima pale mezani ndo unachokwenda nacho nyumbani. Jinzi mpya ya dukani, hasa ya pamba tupu, inaweza ikakubadilikia ikikutana na maji mara ya kwanza, japo kuna ile njia ya kiwandani ya kukifinya kitambaa kabla hakijakatwa ili kisirudi sana, iko tangu miaka ya 1930, ila kuna wanaoiruka au wanaifanya nusu nusu. Kwahiyo jinzi mpya ya pamba nunua ikiwa imekaa vizuri na mguu uwe mrefu kidogo, ifue kwanza ndo uilete kwa fundi kukata chini. Wanaokata kabla ya kufua wanarudi kwangu wanauliza kama naweza kurefusha.

Ukipata nafasi ya kujaribu, na nitarudi kwenye hilo la kujaribu, usisimame tu mbele ya kioo umevuta tumbo. Kaa. Chuchumaa mpaka chini. Inua goti juu kama unapanda daladala ambayo haijasimama. Angalia mifuko ya mbele, ikiwa imefunguka inatoa masikio basi hipsi zimebanwa, angalia mikunjo inayotoka kwenye zipu kwenda pembeni, hiyo inakwambia paja na kinena vinalia, na kama nyuma chini ya makalio kuna nguo imejikusanya imelala mikunjo mikunjo basi nyuma ni kubwa kwako au msamba ni mrefu. Kiunoni kwa nyuma pitisha vidole viwili, vikipita bila kusukuma ni sawa, ikiingia ngumi nzima ndo kazi yangu inaanzia hapo.

Hapo kwenye ngumi nzima nawazungumzia hasa dada zetu wenye hipsi na kiuno chembamba, maana jinzi nyingi za mtumba zimekatwa kwa miili ya huko kwao, ikipita hipsi inaacha shimo nyuma mpaka ukiinama watu wanasoma chata ya chupi. Ukipeleka kwa fundi asikubane vipande viwili pembeni mwa kiuno akapiga mstari juu kwa juu, hiyo ni kulipua, itakutokea vichuguu viwili nyuma. Kazi yenyewe ni kufungua ule ukanda wa kiuno kwa nyuma, kuondoa kile kitanzi cha mkanda cha katikati, kufungua mshono wa makalio kwenda chini mpaka pale unapokwisha kupungua, kupunguza, kurudisha mistari miwili kwa uzi wa rangi ile ile ya dhahabu, ndo unarudisha ukanda na kitanzi. Inapungua inchi moja, moja na nusu, mbili kwa shida, ukizidisha hapo mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana na makalio yanavutwa juu katikati. Fundi akikwambia anapunguza inchi nne bila tatizo, mshukuru uondoke na suruali yako.

Sasa kuhusu kuchagua kitambaa chenyewe nitapita haraka. Ibane kati ya vidole ukisugue, kiwe na uzito, ila usichanganye uzito na ugumu wa wanga, kuna jinzi mpya zinakuja zimekauka vizuri zikifuliwa mara moja zinalala kama leso. Iinue uelekeze kwenye jua upande wa msamba na ndani ya mapaja, mwanga ukipita kirahisi kuliko sehemu nyingine ujue mwenye nayo wa kwanza alishaimaliza, muuzaji akashushia pasi juu. Na kuna mchezo wa kutia dai, jinzi imepauka wanaitumbukiza kwenye rangi inatoka nyeusi tii inang'aa. Geuza ndani uangalie kitambaa cha mfuko na lebo, vikiwa navyo vimekuwa vya bluu au vyeusi wakati kwa kawaida ni vyeupe, hiyo imechovywa, na itakuchujia mpaka kwenye kiti cha ofisini. Ukiwa na mashaka kama ni pamba au ni plastiki, nyofoa kiuzi ndani ya pindo ukiguse na kiberiti ukiwa pembeni huko, pamba inaungua inanuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inajikunja inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usifanye hivyo juu ya mzigo wa watu, mi simo.

Niliahidi kurudi kwenye kujaribu. Hapa Mhariri ndo lawama yangu naipeleka kwa wafanyabiashara na sio kwa mafundi. Wengi hawana pazia, na wapo wanaokwambia ukishaivaa umeinunua. Kina mama wameshajiongeza, anakuja sokoni na dera, anapandisha jinzi ndani ya dera palepale, anajigeuza mara mbili, inashuka, hamna aliyeona kitu. Wanaume waende na bukta nyepesi ndani. Ila jamani, khanga mbili na kamba kwenye nguzo za banda zinagharimu kiasi gani? Mteja akijaribu haji kurudisha, na haji kukusema vibaya kwenye gazeti.

Haya, twende kwenye beseni, maana hapa ndo penye msiba. Mtaani kwetu jinzi inafuliwa hivi, inalowekwa usiku kucha na sabuni ya unga konzi mbili, kama ina doa inaongezwa jiki, asubuhi inalazwa kwenye sakafu ya sementi inapigwa brashi ngumu kuanzia kiunoni mpaka chini, hasa gotini na msambani ambapo ndo pamechoka zaidi, alafu wanaikamua watu wawili, mmoja huku mmoja kule, inasokotwa mpaka inalia, inaanikwa juani upande wa nje juu tangu asubuhi mpaka jua linazama, jioni pasi ya moto mkali. Alafu mtu anaandika barua kwa mhariri kwamba jinzi hazina maisha.

Ile rangi ya bluu ya jinzi haikuingia mpaka ndani ya uzi. Nyuzi za urefu zinachovywa kwenye rangi ya indigo, rangi inashika juu juu tu, ukikata uzi mmoja ukauangalia vizuri katikati ni mweupe, na nyuzi za kukatiza hazikutiwa rangi kabisa, ndo maana jinzi ukiigeuza ndani ni nyeupe nyeupe. Kwahiyo kila ukisugua unakwangua rangi, na hata usiposugua itapauka kidogo kidogo, ndo ilivyoumbwa. Chumvi na siki ambazo watu wanaambiana walowekee jinzi mpya ili ishike rangi, kwa indigo hazisaidii, unapoteza siki ya kachumbari. Kinachosaidia ni kuigeuza ndani nje kabla haijaingia majini, kufunga zipu na kifungo, maji ya baridi, sabuni kidogo tena ya maji au ya mche iliyokoroga povu kwanza, kuilowesha nusu saa, kuikandakanda kwa mikono, doa ulisugue peke yake kwa kitambaa na sio brashi ya viatu, suuza mpaka maji yawe meupe maana sabuni ikibaki kitambaa kinakakamaa. Usiisokote. Ikunje mara mbili uikandamize ukingoni mwa beseni maji yatoke, alafu ining'inize kivulini penye upepo, ndani ikiwa nje, ishikwe na vibanio kwenye pindo za miguu kiuno kikiwa chini, ule uzito wa kiuno unainyoosha yenyewe hata pasi usihitaji. Kwenye mashine ni hayo hayo, maji ya baridi na isichanganywe na mataulo. Ya kuvutika pasi iwe ya uvuguvugu tu, na jiki isiisogelee kabisa, hata tone.

Sasa ifuliwe kila baada ya muda gani? Mwaka 2014 bosi wa Levi's wa wakati huo, Chip Bergh, alisimama mbele ya watu akasema jinzi aliyovaa haijafuliwa mwaka mzima, dunia ikamshangaa. Yeye ana hali ya hewa ya San Francisco. Hapa Dar mwezi wa pili ukivaa jinzi siku moja kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta na kurudi, hiyo suruali ina historia. Kwahiyo tusifuate mambo ya watu, ila pia tusifue kila siku kama soksi. Ukitoka iangike penye upepo usiku mzima badala ya kuitupa kwenye tenga, vaa mara mbili tatu kama hukutoka jasho la kutisha, ukiona msambani panaanza kunata basi muda umefika, maana jasho na vumbi vikikaa kwenye nyuzi vinakuwa msasa wakati unatembea. Na wale wa kuiweka kwenye friza eti inaua bakteria, hao bakteria wanalala tu, ukiivaa ikapata joto wanaamka.

Nimalizie na hilo la kiraka ambalo ndo lililonifanya nishike simu niandike. Jinzi haichaniki ghafla, inatoa taarifa. Ukiigeuza uangalie ndani ya paja karibu na msamba utaona kwanza pamepauka, alafu panakuwa na manyoya manyoya, alafu zinatokea nyuzi nyeupe zimelala kwa upana kama ngazi, maana yake nyuzi za bluu zilizosimama kwa urefu zimeshakatika zimebaki zile za kukatiza peke yake zinashikilia nyumba. Kwenye manyoya ndo wakati wa kuja kwa fundi, kazi ni ndogo, haionekani na bei yake haikuumizi. Wewe unakuja tundu linapitisha ngumi.

Kiraka kizuri kinatoka kwenye mguu wa jinzi nyingine ya zamani, iliyoshafuliwa sana, uzito unaofanana, na kama suruali ni ya kuvutika kiraka nacho kivutike. Hakikunjwi pembeni, maana kikikunjwa kunatokea ukingo mgumu unaokata paja, kinakatwa cha mviringo bila kona, kinawekwa kwa ndani, kinapitiwa mistari ya kwenda na kurudi iliyokaribiana kufuata ule mlalo wa kitambaa chenyewe, na mi huwa nachanganya uzi wa bluu na wa kijivu ili upotelee. Uzi wenyewe ni wa kawaida, sio ule mnene wa kushonea mabegi. Hapa ndo namjibu ndugu yetu, uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa kilichochoka unakikata, kwahiyo uzi anaouita mbovu ndo uzi sahihi. Kilichompata mi nadhani nakijua, kiraka chake kilikuwa kidogo. Fundi alifunika tundu peke yake, hakufunika na lile eneo la pembeni lenye manyoya, au mwenyewe aligoma kulipia kikubwa, basi baada ya muda imechanika upya pembezoni mwa kiraka na yeye akaona fundi kamfanyia mtego. Kiraka kinatakiwa kivuke mpaka pale kitambaa kilipo kizima kabisa, mara nyingi inamaanisha paja zote mbili, maana hamna anayetembea na paja moja.

Na hili la msamba hata waanzilishi liliwasumbua. Yule fundi Jacob Davis wa Reno, Nevada, aliyeanza kupiga ribiti, vile vifungo vya shaba vya kugongelea kwenye kona za mifuko, akaungana na Levi Strauss wakapata hataza Mei 20, 1873, alikuwa anajibu lalamiko la mteja tu, mke wa mtu alikuja kusema suruali za mume wake hazidumu. Baadaye jinzi zao za miaka hiyo zilikuwa na kifungo cha shaba mpaka msambani, kikaja kuondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma na shaba vilipokuwa adimu. Sio kwamba nataka kirudishwe, pikipiki zetu zingekipasha moto vibaya.

Vitu vidogo vidogo, zipu ikiwa nzito isugulie mshumaa au penseli kabla hujaing'oa kwa nguvu, na ukija kukata chini mwambie fundi abakize pindo lake la asili, analikata na kulirudisha juu, inapendeza kuliko pindo jipya ambalo linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiwa na jinzi mbili zivae kwa zamu, jinzi moja kila siku inaisha haraka kuliko mbili zinazopishana. Waendesha bodaboda tuleteeni makalioni mapema, pale kiti kinapowasugua, tunapiga kitambaa kwa ndani kabla ya safari ndefu.

Mhariri, ukurasa wako wa mitindo kila wiki unatuambia jinzi ya rangi gani inaendana na viatu gani, sio mbaya, ila waambie waandishi wako siku moja washuke Karume wakati wanafungua balo, wakae na wauzaji na mafundi waandike habari ya mapaja na misamba, wasomaji watawashukuru. Na yule ndugu yangu mlalamikaji namkaribisha Ilala na hiyo suruali yake, aulizie fundi wa jinzi ataonyeshwa, nitaitazama bure nimwambie kama inapona au tuikate kaptura. Ila aifue kwanza kabla ya kuileta, sisi mafundi nasi tuna pua.

Ni mimi,
Fundi Cherehani,
Ilala, Dar es Salaam